Musa Mwariama: Malezi ya Tigania, Uamuzi wa Msituni

Msafiri anayetoka mjini Meru kuelekea Maua hupita Nchiru, yalipo makao ya Njuri Ncheke, kisha akaingia Kianjai, na nchi ya Tigania ikatandaa mbele yake kati ya vilima vya Nyambene na nyanda kavu za kaskazini. Katika nchi hiyo, mahali paitwapo Muthara, alizaliwa mwaka 1928 M'Kiribua M'Muchiri, ambaye historia ya Kenya inamfahamu zaidi kwa jina la Fildi Mashali Musa Mwariama. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa Mau Mau wa cheo cha juu walioingia katika uhuru wa mwaka 1963 wakiwa hawajauawa wala kukamatwa.

Wahenga walisema mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii hutajwa kana kwamba malezi ni kitu kimoja kisichopingana na nafsi yake. Maisha ya Mwariama yanaonyesha kuwa malezi ya mtu yanaweza kumfunza mambo mawili ambayo siku moja yatamtaka achague.

Mvulana wa Tigania wa miaka ya thelathini alilelewa kwanza na mifugo, kisha na rika. Machungani alijifunza kusoma nyayo, kutambua maji yalipo, kuvumilia njaa na kunyamaza. Baada ya kutahiriwa aliingia katika maisha ya gaaru, nyumba ya vijana, ambamo kosa la mmoja lilikuwa aibu ya rika zima. Ni kweli kwamba serikali ya kikoloni na misheni zilikuwa zimekwisha kuidhoofisha gaaru kufikia wakati huo, lakini adabu ya rika haikufa pamoja na kuta zake. Juu ya yote walikuwapo wazee wa Njuri Ncheke, baraza lililofungamanishwa na kiapo, ambalo neno lake ndilo lililokata shauri. Kwa hiyo kijana alikua akijua kwamba kiapo hakichezewi, na kwamba mzee hapingwi.

Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, mafunzo hayo mawili yaligongana. Wakuu wengi wa Njuri walisimama upande wa serikali na kukilaani kiapo cha Mau Mau. Kijana aliyekwisha kula kiapo cha kupigania ardhi hakuweza tena kuwa mtoto mtiifu wa kila alichofunzwa: akilishika funzo la kiapo, analivunja la wazee; akiwatii wazee, anakuwa msaliti wa kiapo. Vijana waliochunga mbuzi katika malisho yale yale waligawanyika hapo. Wengine walijiunga na askari wa vijiji waliowalinda machifu. Mwariama alishika njia ya msitu. Malezi yalikuwa yamemfikisha njia panda. Kupinda upande ule kulikuwa shauri lake mwenyewe.

Vita vyenyewe vimesimuliwa mara nyingi, na haina haja kuvirudia kwa urefu. Waruhiu Itote, Jenerali China, alikamatwa Januari 1954. Aprili mwaka huo Wagikuyu, Waembu na Wameru walisombwa Nairobi kwa maelfu, na vijijini watu wakahamishiwa katika makazi yaliyozungushiwa ulinzi ili wapiganaji wakose chakula. Dedan Kimathi alitiwa mbaroni tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Hatari kubwa zaidi haikuwa ndege wala mizinga. Ilikuwa wapiganaji waliosalimu amri kisha wakarudishwa msituni kuwasaka wenzao, watu waliojua kusoma nyayo kama yeye.

Kilichostahili kuchunguzwa zaidi ni miaka iliyofuata. Hali ya hatari iliondolewa Januari 1960. Wafungwa walikuwa wakirudi makwao, wanasiasa walikuwa wakienda London kuzungumza, na bunduki zilikuwa zimekaribia kunyamaza. Mwariama hakutoka. Kwa takriban miaka minne mingine alibaki msituni pasipo vita vya kushinda wala sifa ya kuvuna. Ushujaa wa mapambano huimbwa. Huu wa kungoja hauna wimbo, na pengine ndio unaodai zaidi kile kimya cha mchungaji.

Desemba 1963 alijitokeza, na Jomo Kenyatta akampokea. Picha zao wakiwa pamoja, Mwariama na nywele zake ndefu zilizosokotana, zimebaki kuwa miongoni mwa kumbukumbu mashuhuri za uhuru. Hata hivyo ardhi iliyopiganiwa haikugawiwa wapiganaji hivi hivi. Sehemu kubwa iliuzwa, na waliotoka msituni hawakuwa na fedha. Jenerali Baimungi, kiongozi mwenzake wa Meru aliyetoka msituni wakati ule ule, hakuridhika. Alirudi msituni, na mapema mwaka 1965 akauawa na majeshi ya serikali ya Kenya huru.

Mwariama hakumfuata. Wapo wanaoona kwamba alilegea, na wapo wanaoona kwamba Baimungi alikosa subira. Hukumu zote mbili ni nyepesi mno. Baimungi alikishika kiapo hadi pumzi ya mwisho. Mwariama, aliyewavunjia wazee amri yao ujanani, safari hii alilikubali neno la mzee, na bei ya uamuzi huo ilikuwa kuishi akitazama ahadi zikichelewa. Malezi ya Meru yalimruhusu kila mmoja wao kudai kwamba ametenda kama alivyofunzwa.

Alifariki mwaka 1989. Mau Mau kilikuwa kimepigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950, na marufuku hiyo ilikuwa ingali katika sheria za Kenya siku alipozikwa. Iliondolewa mwaka 2003.