Mtakatifu Yohana Krisostomo na Waraka kwa Filemoni

Wengi wetu twalijua jina la Krisostomo kwa sababu ya ile sala iitwayo kwa jina lake katika Kitabu cha Sala, ijapokuwa wataalamu hawadhani kwamba ndiye aliyeitunga. Yohana alizaliwa Antiokia ya Shamu yapata mwaka 349. Baba yake, mtu wa jeshi, alikufa mapema. Mama yake Anthusa, mjane kijana, hakukubali kuolewa tena, akamlea na kumsomesha. Mwaka 386 aliwekwa kasisi, na watu wakamiminika kanisani kumsikiliza. Krisostomo maana yake ni Kinywa cha Dhahabu.

Alizifafanua nyaraka za Paulo mstari kwa mstari, mbele ya matajiri wenye watumwa wengi. Utumwa, aliwaambia, ni tunda la dhambi na choyo. Mungu alimpa kila mtu mikono na miguu ajihudumie mwenyewe. Anayedai kwamba hununua watumwa kwa huruma, basi awafundishe kazi wapate kujilisha, kisha awaache huru. Alijua kwamba maneno hayo yanawaudhi, wala hakunyamaza. Aliwakemea hata mabibi waliowapiga vijakazi wao mpaka kelele zikasikika njiani.

Walikuwapo waliosema kwamba Waraka kwa Filemoni hauna maana, kwa kuwa wahusu mtumwa mmoja tu, Onesimo. Yohana aliutetea kwa nguvu. Lakini alipata humo fundisho kwamba watumwa wasiondolewe kwa bwana zao, wapagani wasije wakasema Ukristo umekuja kupindua mambo yote. Tena katika 1 Wakorintho 7:21 Paulo amwambia mtumwa atumie, wala Kiyunani hakisemi atumie nini: uhuru au utumwa? Yohana alichagua utumwa. Wataalamu wengi wa siku hizi huchagua uhuru, nasi twakubaliana nao. Kwa maoni yetu, aliwaachia mabwana hiari na watumwa akawaachia subira. Gregori wa Nisa, yapata mwaka 380, alikuwa amekwisha kuhubiri kwamba hakuna awezaye kummiliki mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu.

Mwaka 398 Yohana alifanywa Askofu wa Konstantinopoli. Huko kinywa chake kiliwachukiza wakuu, pamoja na malkia Eudoksia, na mwaka 404 akahamishwa mbali. Alikufa Komana, katika safari ya kulazimishwa, tarehe 14 Septemba 407. Sisi Waanglikana twamkumbuka tarehe 13 Septemba.