Mikono ya Dokta Barnard: alibadilisha moyo huku baridi yabisi ikimla vidole

Wazee wenzangu wataikumbuka Disemba ya 1967. Mimi nilikuwa mtoto mdogo Mombasa, na redio ya babu ikatoa khabari kwamba huko Afrika Kusini daktari mmoja amemtoa mtu moyo akamtia moyo wa maiti. Pale barazani watu walibishana mpaka adhana ya isha. Mmoja akasema uongo mtupu. Mwengine akauliza, je, huyo bwana akizinduka atawapenda wanawe mwenyewe au jamaa za yule mwenye moyo? Kicheko kikapita, lakini jina la Christiaan Barnard likabaki.

Miaka karibu sitini baadaye, mwalimu mstaafu, nipo Durban kwa binti yangu aliyeolewa huku. Magoti yamenichoka, na juzi nilikaa foleni kumngoja daktari wa viungo. Pembeni yangu alikuwa mama wa Kihindi ambaye hakuweza kufungua kifuniko cha chupa ya maji. Nikamfungulia. Nilipotazama vidole vyake vilivyopinda ndipo nilipomkumbuka Barnard. Moyo aliobadilisha tunaujua sote. Ya mikono yake tunayajua wachache.

Alizaliwa tarehe 8 Novemba 1922 katika mji mdogo wa Beaufort West, kwenye nchi kavu ya Karoo. Baba yake, Adam, alikuwa mchungaji wa kanisa la misheni, na waumini wake walikuwa machotara, siyo wazungu. Katika Afrika Kusini ya siku zile hilo lilitosha kumfanya mchungaji mzungu adharauliwe na wazungu wenzake, na mshahara ulikuwa mdogo vile vile. Ndugu yake mmoja, Abraham, alikufa angali mdogo kwa ugonjwa wa moyo. Mie niliyesoma sekondari ya misheni nawajua watoto wa nyumba kama zile: fedha hamna, lakini kitabu lazima.

Kitabu ndicho kilichomtoa. Aliingia Chuo Kikuu cha Cape Town, akahitimu udaktari mwaka 1945, akafanya kazi ya daktari wa kawaida katika mji wa Ceres, kisha akarudi Cape Town kwenye hospitali kubwa. Shahada yake ya juu ya mwaka 1953 ilihusu homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kifua kikuu. Mwisho wa 1955 akapata nafasi ya kwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Minnesota mjini Minneapolis, ambako mabingwa kama Walton Lillehei walikuwa wakijifunza kuupasua moyo ukiwa wazi. Kijana wa Karoo alisoma kama mtu anayefukuzwa. Kozi iliyowachukua wengine miaka sita, yeye aliikata kwa miaka miwili na kitu.

Hapo hapo Minneapolis, mwaka 1956, viungo vilianza kumuuma. Alikuwa na miaka 33 tu. Madaktari walipompima wakamwambia ana baridi yabisi, na siyo ile ya uzee ambayo gegedu za magoti husagika kwa kazi za miaka mingi kama hizi zangu. Yake ilikuwa ile kali zaidi, ambapo kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikaanza kuushambulia utando laini ndani ya viungo vya mtu mwenyewe. Viungo huvimba, hupata moto, na mwisho mfupa wenyewe huliwa. Mara nyingi maradhi haya huanzia kwenye viungo vidogo vya vidole na viganja.

Fikiria basi. Mtu amejinyima, ameacha mke na watoto, amevuka bahari ili mikono yake ijifunze kazi ngumu kuliko zote za upasuaji, halafu anaambiwa maradhi yatakayomwandama ni ya viungo, na mikono ndiyo inayoweza kuliwa kwanza. Dawa ya kuyaondoa haikuwepo. Hata leo haipo, ila leo yanaweza kuzuiwa.

Kilichokuwepo wakati ule kilikuwa kotizoni, na kilitoka jimbo lilo hilo la Minnesota. Mwezi Septemba 1948, katika mji wa Rochester, kwenye Mayo Clinic, Dokta Philip Hench alimdunga dawa hiyo mwanamke mmoja aliyekuwa hajiwezi kwa baridi yabisi. Baada ya siku chache mwanamke yule aliweza kutembea. Ulimwengu ulishangaa, na mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini furaha haikudumu. Wagonjwa walioendelea kuitumia kwa wingi walivimba uso, mifupa yao ikawa dhaifu, wengine wakapata sukari. Madaktari wakajifunza kwamba dawa ile huzima moto upesi, lakini ikizidi nayo huunguza nyumba.

Barnard alirudi Cape Town mwaka 1958 akaja na mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji. Katika hospitali ya Groote Schuur akaanza kuwapasua watoto waliozaliwa na kasoro za moyo, na sifa zake zikaenea. Mnapomsoma kwenye vitabu, mjue kwamba miaka yote hiyo maumivu yalikuwa yakija na kuondoka. Ndivyo maradhi haya yalivyo: wiki hii unashika kalamu, wiki ijayo huwezi kufunga kifungo cha shati.

Ukafika usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 3 Disemba 1967. Msichana mmoja wa miaka 25, Denise Darvall, alikuwa amegongwa na gari jioni yake pamoja na mama yake. Mama alikufa pale pale. Ubongo wa binti ulikuwa umekwisha, na baba yao, katika saa ile ya msiba mara mbili, akaridhia moyo wa mwanawe utolewe. Ukatiwa kwa Louis Washkansky, mwenye duka la vyakula. Moyo ukapiga. Mikono iliyoushona ilikuwa na ugonjwa wake kwa miaka kumi na moja.

Washkansky aliishi siku 18, akafa kwa homa ya mapafu. Hapa ndipo hadithi mbili zinapokutana, na nadhani wachache wameliona jambo hili. Mwili hukataa moyo wa kigeni kwa sababu ya kinga yake, ile ile ambayo kwa mgonjwa wa baridi yabisi hushambulia viungo. Ili mwili uukubali moyo, Barnard ilimbidi ailaze kinga ya mgonjwa kwa dawa, na miongoni mwa dawa hizo zilikuwamo zile za jamii ya kotizoni. Kinga ilipolala, vijidudu vya mapafu vikapata mlango. Daktari alikuwa akipigana ndani ya kifua cha mgonjwa na adui aliyekuwa naye kwenye vidole vyake mwenyewe.

Hakukata tamaa. Tarehe 2 Januari 1968 alimtia Philip Blaiberg, daktari wa meno na mzungu, moyo wa Clive Haupt, kijana chotara. Katika nchi ambayo watu hao wawili wasingeruhusiwa kukaa benchi moja ufukweni, moyo mmoja ulihama na ukakaa. Blaiberg aliishi zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Katika mwaka ule hospitali nyingi duniani zilijaribu, wagonjwa wengi wakafa upesi, na nyingi zikaacha. Barnard na wenzake waliendelea. Dorothy Fisher, aliyebadilishwa moyo mwaka 1969, aliishi miaka 12. Dirk van Zyl, wa mwaka 1971, aliishi zaidi ya miaka 20.

Umaarufu nao ulimla. Alipigwa picha na wafalme na waigizaji, akaoa mara tatu, ndoa zote zikavunjika. Mwaka 1983 aliweka kisu chini. Alikuwa na miaka 60, umri ambao mpasuaji mzoefu bado ana la kutoa, lakini vidole vilikuwa havimtii tena. Mwaka uliofuata alitoa kitabu cha kuwafundisha watu namna ya kuishi na maradhi ya viungo. Na mwaka 1986 jina lake likapakwa matope, kwa kuwa alikubali litumike kutangaza krimu ya bei kubwa iliyodaiwa kuzuia uzee. Madaktari wenzake walimlaumu, na haki yao. Nalitaja hili makusudi. Ikiwa mtu mwenye elimu kama ile alinaswa na biashara ya dawa za miujiza, sisi tunaotumiwa kila siku kwenye simu matangazo ya mafuta ya kuponya viungo kwa siku saba tuwe macho zaidi.

Alifariki tarehe 2 Septemba 2001 huko Paphos, Kipro, alikokuwa mapumzikoni, akiwa na miaka 78. Watu walidhani moyo umemsimamia. Ilikuwa pumu.

Nirudi Durban. Wakati Barnard akitibiwa na mabingwa wa Marekani, mtu mweusi au Mhindi wa hapa alikuwa na hospitali ya King Edward VIII, iliyofunguliwa mwaka 1936 kwa wasiokuwa wazungu, na foleni zake. Vitabu vya udaktari vilikuwa vikisema baridi yabisi ya namna ile ni nadra kwa Waafrika. Kumbe wengi hawakuchunguzwa. Utafiti wa miaka ya 1970 hapa Afrika Kusini ulikuta kwamba vijijini kweli ilikuwa chache, lakini Soweto, mjini, ilikaribia ile ya Ulaya. Baadaye madaktari wa Durban nao wakawachunguza wagonjwa wao weusi na wa Kihindi na kuandika walichokiona. Basi yule mama wa foleni, hali yake imeandikwa na watu waliokaa naye wakamtazama mikono.

Na kwetu je? Nimekaa Maskati kwa ndugu, nimekaa Dubai kwa mwanangu wa kiume, na nyumba zote maneno ni yale yale. Bibi akiamka vidole vimekakamaa, tunasema ni kiyoyozi. Shangazi akishindwa kukanda unga, tunasema ni baridi tu, apakwe mafuta ya nazi. Mama mwenye watoto watatu akilalamika, tunamwambia bado kijana, asijitie uzee. Na maradhi haya huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, mara mbili au tatu.

Kiyoyozi hakileti ugonjwa huu. Vidole vikivimba pande zote mbili, vikakakamaa asubuhi kwa nusu saa au zaidi, na hali ikaendelea wiki kadhaa, huyo apelekwe kwa daktari wa viungo, apimwe. Miaka miwili ya mwanzo ndiyo ambayo mfupa mwingi hupotea, na siku hizi zipo dawa za kuutuliza moto kabla haujala mfupa. Dawa kuu huliwa mara moja tu kwa wiki, siyo kila siku, na lazima damu ipimwe. Na vile vidonge vya kotizoni vinavyonunuliwa dukani bila cheti, ambavyo humfanya bibi aamke mzima kesho yake, Hench na wenzake walishaona mwisho wake tangu miaka ya 1950.

Barnard aliambiwa ukweli akiwa na miaka 33, wakati dawa nzuri hazijapatikana, na bado mikono yake ilimpa miaka 27 ya kazi. Sisi dawa tunazo. Tunachokosa ni kumsikiliza mama anaposema mikono inamuuma. Leo jioni mkikaa chai, mwambieni akunje ngumi, mtazame kama vidole vinafika kiganjani. Mwenyezi Mungu awape afya wazee wetu, na sisi atupe masikio.