Tafakari ya Ramadhani, Siku ya 16: Rufaida na hema lake msikitini



Juzi baada ya tarawehe nimeulizwa swali ambalo naona si la nyumba moja. Binti kamaliza kidato cha nne, kapata nafasi ya kusomea uuguzi ngazi ya cheti. Baba anasema huko ni kubeba mabakuli ya wagonjwa tu, bora arudie mtihani aje awe daktari. Mama hana shida na mabakuli, yeye anaogopa zamu za usiku na kuhudumia wanaume. Binti mwenyewe, nilipouliza, kumbe hajaulizwa bado anataka nini.

Basi leo tumsome Rufaida binti Saad, radhiya Allahu anha, mwanamke wa kabila la Aslam aliyeishi Madina zama za Mtume (SAW). Mitandaoni mtakuta habari zake nyingi, eti alikuwa na chuo, na kanuni za kazi alizoziandika. Vitabu vya mwanzo havina hayo. Ibn Ishaq anamtaja kwa maneno machache tu: kwamba alikuwa akitibu majeruhi, na kwamba alijitolea nafsi yake kumhudumia kila Muislamu mwenye dhiki asiye na wa kumtazama. Mimi naona hayo machache yanatosha na yanabaki.

Mwaka wa 5 Hijria makundi ya Waarabu yapatayo watu 10,000 yaliizingira Madina. Waislamu, kama 3,000 hivi, wakachimba handaki. Katika vita hiyo Saad bin Muadh, kiongozi wa Aws, alipigwa mshale kwenye mshipa mkubwa wa mkono. Huyu hakuwa mtu mdogo. Kusilimu kwake ndiko kulikoingiza ukoo wake mzima katika Uislamu. Sasa mtu wa cheo kile anapelekwa wapi? Mtume (SAW) aliamuru awekwe kwenye hema la Rufaida, na hema lenyewe lilikuwa ndani ya msikiti wake. Alitaka awe karibu amzuru. Akawa kila akipita asubuhi anamuuliza ameamkaje, na jioni ameshindaje.

Hebu tulitazame hilo hema jamani. Wauguzi walio humu watanielewa: damu inavuja, mgonjwa ana homa, anataka maji, anataka kugeuzwa, na usiku haulali. Mtume (SAW) mwenyewe alimchoma Saad kwa moto pale penye jeraha ili damu ikatike. Mkono ukavimba, akachomwa tena. Lakini kati ya kuchomwa na kuchomwa kuna saa nyingi za kukaa na mgonjwa, na hizo ndizo zilizokuwa kazi ya mama huyu.

Na mgonjwa wake hakupona. Baada ya Saad kutoa hukumu yake kwa Banu Quraydha, alikopelekwa amepandishwa punda maana hakuweza kutembea, jeraha lilifumuka usiku. Watu wa Banu Ghifar waliokuwa na hema jirani pale msikitini walishtuka kuona damu inatiririka kuwafuata. Hadithi sahihi inatueleza kuwa Arshi ya Rahmani ilitikisika kwa kifo cha Saad. Siku zake za mwisho alikuwa mikononi mwa muuguzi.

Kuhusu hofu ya mama: Rufaida hakuwa peke yake. Rubayyi binti Muawwidh amesimulia katika Bukhari kuwa wanawake walitoka na Mtume (SAW) wakawanywesha watu maji, wakatibu majeruhi na kuwarudisha Madina waliouawa. Wanazuoni, akiwemo Ibn Hajar, wamechukua hapo ruhusa ya mwanamke kumtibu mwanamume ajinabi pale penye haja, kwa kiasi cha haja hiyo. Na sisi ndio wa kwanza kudai mke akijifungua ahudumiwe na mwanamke mwenye stara. Atatoka wapi, ikiwa kila baba anamzuia wake?

Kuhusu baba na cheti. Cheti ni miaka 2, stashahada miaka 3, shahada 4. Aliyeanza na cheti, akapata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, anaweza kufanya kazi na baadaye akajiendeleza hadi juu. Kurudia mtihani mwaka mzima kwa kutafuta jina la daktari, wakati nafasi iko mkononi, mimi siungi mkono, isipokuwa binti mwenyewe ndiye aseme hivyo. Na enyi vijana mlio kidato cha pili: kuingia kunataka ufaulu wa masomo manne, Kemia, Baiolojia na Fizikia yakiwemo, na masomo ya dini hayahesabiwi hapo. Nasema haya nikiwa mwalimu wenu wa madrasa! Someni vyote.

Pale Muhimbili kuna wodi za Sewahaji, jina la tajiri wa Bagamoyo aliyetoa mali yake watu wajengewe hospitali. Rufaida hakuacha jengo. Hata hivyo leo chuo kimoja cha tiba huko Bahrain kinatoa tuzo ya uuguzi kwa jina lake.

Mwaka wa 7 Hijria Waislamu walitoka kwenda Khaybar. Ibn Saad anaeleza habari ya mwanamke wa Aslam mwenye hema la majeruhi msikitini, naye anamwita Kuayba binti Saad. Wapo wanazuoni waliosema ndiye Rufaida huyu huyu. Alikwenda Khaybar, na ngawira zilipogawiwa Mtume (SAW) akampa fungu sawa na la mwanamume aliyepigana.

Kesho in shaa Allah tutakuwa na Ummu Atiyya, aliyetoka katika vita 7 akiwapikia wapiganaji, akiwatibu majeruhi na kuwauguza wagonjwa. Daku njema.