John Akii-Bua: bingwa wa Olimpiki katika kambi ya wakimbizi

Tunapowaombea ndugu zetu waliokimbia vita, sisi wa Lubumbashi tunapenda kuwakumbusha habari za John Akii-Bua wa Uganda.

Alizaliwa mwaka 1949 katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda, kwa baba mwenye wake wengi na watoto zaidi ya arobaini. Akawa polisi. Mwalimu wake wa mbio, Mwingereza Malcolm Arnold, alimfundisha mita 400 kuruka viunzi: kuzunguka uwanja mara moja na kuruka viunzi kumi. Mwaka 1970, huko Edinburgh, alimaliza wa nne.

Tarehe 2 Septemba 1972, katika Olimpiki ya Munich, alipangiwa njia ya ndani kabisa, ambako kona ni kali kuliko zote. Akashinda kwa sekunde 47.82. Kabla yake hakuna aliyewahi kushuka chini ya sekunde 48. David Hemery wa Uingereza, aliyeshika rekodi ya dunia, alikuwa wa tatu. Kwa furaha, Akii-Bua alizunguka uwanja tena akiruka viunzi. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Uganda, na ya pili ilingojewa miaka 40.

Rais Idi Amin alimpandisha cheo na kumpa nyumba. Lakini utawala uleule uliomsifu uliwaua Walango wengi. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa New Zealand ilicheza raga na Afrika Kusini ya ubaguzi. Akii-Bua hakukimbia, na Mmarekani Edwin Moses akachukua dhahabu pamoja na rekodi.

Mwaka 1979, Amin alipokuwa akiangushwa, bingwa huyu alikimbilia Kenya na jamaa yake, akawekwa kambini kama wakimbizi wengine. Kampuni ya viatu ya Puma ikamsaidia kufika Ujerumani na kumpa kazi. Mwaka 1980 alikimbia tena huko Moscow, lakini hakufika fainali. Baadaye alirudi kwao, akawafundisha vijana wa polisi. Alifariki mwaka 1997, akiwa na miaka 47, akazikwa kwa heshima ya serikali.

Wapendwa, Akii-Bua alitolewa kambini kwa sababu jina lake lilijulikana. Tunashukuru kwa ajili yake. Lakini waliobaki pale, wasio na medali, nani aliwatafuta? Mtume Paulo alikwisha kutuonya juu ya taji liharibikalo. Na Bwana wetu, alipokimbiziwa Misri, alikuwa mtoto mchanga wa fundi seremala, asiyejulikana na mtu huko.

Katika makanisa yetu yuko mama aliyekimbia na watoto wake, anayeketi kiti cha nyuma na kutoka kimya baada ya baraka. Jumapili hii tusimwache aondoke. Tumuulize jina lake, na mahali anapolala na watoto wake.