Mtakatifu Vincent de Paul: mapendo kwa zamu

Vincent alizaliwa Ufaransa katika 1581, mtoto wa walimaji, mchunga wa mifugo ya baba yake. Akawa padri katika 1600, na mwanzoni alitafuta cheo cha kumpatia feza.

Katika 1617, ku Châtillon, siku ya Mungu mbele ya misa, walimwambia kwamba jamaa moja inje ya muji wote ni bagonjwa. Akahubiri juu yao. Ile mchana njia ikajaa bamama wanaobeba vyakula. Padri akafurahi, lakini akaona hatari: leo chakula kitaoza, kesho bagonjwa watalala njaa. Basi akawapanga bamama kwa zamu, sawa vile baba zetu wanapokezana mu shimo. Akawaagiza pia wamalizie kwa mgonjwa asiye na mtu, ili wakae naye zaidi.

Katika 1633, pamoja na Louise de Marillac, akaanzisha Mabinti wa Mapendo. Alikufa ku Paris, tarehe 27 septemba 1660.

Kwetu ku kambi, baba akiumia ku kazi, siku ya kwanza nyumba inajaa watu. Tujiulize: siku ya kumi, nani atapika?