Askofu Samuel Ajayi Crowther na Lugha ya Mama Yake

Katika nchi ya Wayoruba, ambayo leo ni sehemu ya Nigeria, palikuwa na mji uitwao Osogun. Huko ndiko alikozaliwa Ajayi, yapata mwaka 1809. Mwaka 1821 wavamizi waliushambulia mji huo, wakauchoma moto, wakawafunga watu kamba shingoni. Ajayi alitekwa pamoja na mama yake na dada zake, kisha wakatenganishwa. Akauzwa mara nyingi, mara moja kwa kubadilishwa na farasi, hata akafika Lagos mikononi mwa Wareno, akatiwa katika merikebu ya watumwa.

Mwezi wa Aprili 1822 manowari za Kiingereza ziliikamata merikebu hiyo, na mateka wakapelekwa Sierra Leone, wakawekwa huru. Huko Ajayi alijua kusoma kwa muda wa miezi sita tu. Mwaka 1825 akabatizwa, akaitwa Samuel Crowther. Na mwaka 1827 akaingia chuo cha Fourah Bay, akiwa miongoni mwa wanafunzi wake wa kwanza. Baadaye akawa mwalimu. Mwaka 1843 akapewa ukasisi mjini London.

Mafundisho yake yote yalikuwa kwa Kiingereza, lakini hakuidharau lugha ya kwao. Mwaka huo huo wa 1843 alitoa kitabu cha maneno ya Kiyoruba, na mwaka 1844 akaongoza ibada kwa lugha hiyo huko Freetown. Kazi haikuwa nyepesi. Katika Kiyoruba, sauti ikipanda au ikishuka maana hugeuka: neno ọkọ laweza kuwa mume, au jembe, au chombo cha safari. Asiyesikiliza vema atawachekesha watu badala ya kuwafundisha. Basi Crowther akasikiliza. Alikusanya mithali na misemo ya watu, akaitia katika kitabu chake cha mwaka 1852. Na alipofasiri Maandiko hakuyakataa maneno ambayo Wayoruba walikuwa wameyazoea kwa Waislamu wa kwao: sala ikaitwa adura, nabii akaitwa woli, na mahubiri yakaitwa iwaasu. Sisi tusemao Kiswahili twawatambua ndugu wa maneno hayo mara moja, maana nasi tuna dua, walii na waadhi.

Mwaka 1846 alifika mji wa Abeokuta kufanya kazi ya misheni. Huko, baada ya miaka 25, mama yake, Afala, akamjia. Wakatazamana, wakashikana mikono, na kwa kitambo hawakuweza kusema neno. Mama huyu hakujua Kiingereza. Kama mwanawe angalikuwa ameisahau lugha ya utoto wake, wangalihitaji mkalimani kati yao. Lakini walizungumza, na mwaka 1848 Afala akabatizwa kwa jina la Hannah, akiwa katika waumini wa kwanza wa mji ule.

Mwaka 1864, katika kanisa kuu la Canterbury, Crowther akawekwa kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza kupata cheo hicho katika Kanisa la Uingereza. Akasafiri sana katika mto Niger, na wenyeji wa huko hakuwalazimisha Kiyoruba. Alikwisha kuandika kitabu cha kwanza cha kusomea cha Kiigbo mwaka 1857, akaandika na Kinupe pia.

Mwisho wake ulikuwa na uchungu. Mwaka 1890 wamisionari vijana kutoka Ulaya waliwashtaki wasaidizi wake, wakawaachisha wengi kazi, na mzee akajiuzulu katika halmashauri ya misheni ya Niger. Akafariki Lagos tarehe 31 Desemba 1891, na askofu aliyemfuata alikuwa Mzungu. Walimwondolea mamlaka, lakini Biblia ya Kiyoruba, aliyoifanyia kazi miaka mingi pamoja na wenzake, ilibaki mikononi mwa watu.

Enyi waalimu, mtoto ajapo shuleni huja na maneno ya mama yake. Msimwambie ayaache mlangoni.