Mwalimu Aliyezifumua Ngano: Maisha ya Vladimir Propp

Wanachuo wenzangu, kila aliyewahi kukaa kwenye chumba cha runinga cha hosteli Jumamosi usiku anaijua hii. Filamu haijafika dakika ya kumi, mtu wa nyuma kashaanza: huyu mama wa kambo ndiye atakayemtesa mtoto, yule babu wa dukani atamsaidia, mchumba tajiri ni tapeli, na mwisho kuna harusi. Tunamzomea anyamaze, halafu mambo yanakwenda vilevile alivyosema. Watu wanacheka. Mimi safari ya mwisho sikucheka, na nitawaambia kwa nini. Ila kwanza nataka niwasimulie habari za mtu aliyefanya kazi hiyohiyo ya yule wa nyuma. Tofauti ni kwamba yeye alikaa chini na kalamu, akahesabu, akaipa kila hatua jina na namba. Anaitwa Vladimir Propp. Wengi tunaosoma Fasihi tumekutana naye kwenye desa, mistari miwili usiku wa kuamkia mtihani, na kesho yake tukamsahau.

Propp alizaliwa mwaka 1895 huko St. Petersburg, uliokuwa mji mkuu wa Urusi enzi za wafalme. Ukoo wake ulikuwa na asili ya Kijerumani. Mwaka 1913 aliingia chuo kikuu cha mji huohuo kusomea lugha na fasihi za Kirusi na Kijerumani, akamaliza 1918. Hebu itazameni hiyo miaka mitano. Aliingia chuoni kukiwa na amani, mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza na mji wake ukabadilishwa jina kuwa Petrograd. Mwaka 1917 yakapita mapinduzi mawili. Alipomaliza masomo, nchi aliyoanzia masomo ilikuwa haipo tena. Sisi boom likichelewa wiki tatu tunasema tumeteseka.

Kinachonifurahisha mimi, mtoto wa Ualimu, ni kwamba baada ya chuo hakukimbilia uprofesa. Alikwenda kufundisha Kirusi na Kijerumani shule za sekondari. Alikuwa mwalimu wa lugha, mtu wa chaki na madaftari ya kusahihisha. Na alijijua ana pengo. Chuoni walifundishwa fasihi andishi, lakini fasihi simulizi waliguswaguswa tu. Badala ya kulalamikia mtaala akaamua kujisomea mwenyewe. Akachukua mkusanyiko mkubwa wa ngano za Kirusi uliotolewa na Afanasyev katikati ya karne ya 19, akaanza kusoma ngano moja baada ya nyingine.

Humo akakuta hadithi za binti anayeteswa na mama wa kambo. Katika ngano moja, mama wa kambo anampeleka binti msituni kwa Morozko, yaani Baridi yenyewe katika umbo la mzee. Baridi anamjaribu kwa kumgandisha, binti anajibu kwa adabu na upole, mwisho anaachiwa na kupewa zawadi. Yule bibi akiona hivyo anampeleka na bintiye wa kumzaa. Huyo anajibu kwa kiburi na anaangamia. Propp akafungua ngano nyingine: binti anapelekwa msituni, ila safari hii anakutana na jini la msituni. Nyingine tena, anakutana na dubu. Wataalamu wa wakati ule walizihesabu kuwa hadithi tofauti kwa sababu wahusika ni tofauti. Propp akaona ni hadithi ileile. Baridi, jini na dubu wanafanya kazi moja: wanamjaribu binti na kumlipa anachostahili.

Hapo ndipo swali lake lilipogeuka. Miaka ile, njia iliyojulikana zaidi ya kupanga ngano ilikuwa orodha ya Mfini Antti Aarne ya mwaka 1910, iliyozipanga kwa kufuata visa na aina za wahusika. Propp aliacha kuuliza nani yumo kwenye hadithi, akauliza ni nini kinachofanyika, na kinafanyika baada ya nini. Mhusika anabadilika, jina linabadilika, mavazi yanabadilika, lakini tendo linabaki palepale na kazi yake ni ileile. Akachambua ngano 100 za mkusanyiko ule, tendo kwa tendo, kama fundi cherehani anayefumua gauni zima ili aone lilikatwa vipande vingapi.

Mwaka 1928 kitabu kikatoka mjini kwake, ambao wakati huo ulishapewa jina la Leningrad. Kilihusu umbo la ngano. Propp alikuwa amekipa jina linaloonyesha wazi kwamba anazungumzia ngano za maajabu peke yake, zile zenye vitu vya kichawi na safari za mbali. Mhariri akaliondoa neno la maajabu ili kitabu kivutie wanunuzi. Matokeo yake, kwa miaka mingi watu walimshutumu Propp kwamba anadai kueleza kila ngano duniani, dai ambalo hakulitoa.

Alichokipata ni hiki. Matendo ya msingi katika ngano hizo ni 31 tu. Mtu wa nyumbani anaondoka. Shujaa anakatazwa jambo, na katazo linavunjwa. Adui anachunguza, anadanganya, anadhuru. Shujaa anatoka nyumbani, anakutana na mtoaji, anajaribiwa, anapewa kifaa chenye nguvu. Anapambana, anashinda, anarudi, anafukuzwa njiani, anaokoka. Anatokea shujaa wa uongo anayedai sifa zisizo zake. Anatolewa mtihani mgumu, ukweli unajulikana, mwongo anaumbuka, adui anaadhibiwa, shujaa anaoa. Si lazima ngano moja iwe na yote 31, lakini yale yaliyomo yanafuata mpangilio uleule. Na nafasi za wahusika ni saba: adui, mtoaji, msaidizi, binti mfalme pamoja na baba yake, mtumaji, shujaa, na shujaa wa uongo. Mtu mmoja anaweza kushika nafasi mbili, na nafasi moja inaweza kugawanywa kwa watu kadhaa.

Nimejaribu kuipima kwetu. Chukueni kisa cha Sultani Darai, ambacho kimo kwenye mkusanyiko wa ngano za Zanzibar aliouchapisha Edward Steere mwaka 1870. Maskini Hamdani anayechakura jaani anaokota thumuni, ananunua paa. Paa anageuka msaidizi: anaokota almasi, anamposea binti wa sultani, anamuua joka na kumpa bwana wake nyumba yake. Propp mtupu! Lakini ngano yetu haikomi kwenye harusi. Hamdani akishatajirika anamdharau paa, paa anakufa kwa uchungu, na Hamdani anaamka yuko palepale jaani. Hatua hiyo haimo kwenye zile 31. Na mimi sioni kama hilo linamvunja Propp. Linaonyesha faida ya kuwa na majina: bila orodha yake nisingegundua kwamba msimulizi wetu aliongeza mlango wa kutokea, na kwamba mlango huo una jina, ukosefu wa shukrani.

Turudi Leningrad. Kitabu hakikumpa umaarufu. Siasa za Urusi ya Kisovieti zilikuwa zinawageukia wanazuoni wa umbo la fasihi, na kuitwa mfuasi wa umbo likawa tusi, tena tusi la hatari. Mwaka 1932 Propp alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Leningrad, na huko alidumu karibu maisha yake yote yaliyobaki. Kati ya 1941 na 1944 mji ule ulizingirwa na jeshi la Ujerumani na watu kwa mamia ya maelfu walikufa kwa njaa. Mwaka 1946 akatoa kitabu chake kikubwa cha pili, kuhusu mizizi ya kihistoria ya ngano. Humo alijaribu kueleza kwa nini ngano zina umbo lile. Msitu, kibanda cha msituni, kumezwa na mnyama na kutapikwa mzima, alivihusisha na mila za kale za kuwaingiza vijana utu uzima. Msomaji wa kwetu anayejua jando na unyago haitaji kuelezwa sana hapo. Miaka michache baadaye kitabu hicho nacho kikashambuliwa, katika kampeni dhidi ya wasomi walioambiwa wanasujudia mawazo ya kigeni. Hakuacha kufundisha.

Mwaka 1958, miaka 30 baada ya kuchapishwa, kitabu cha kwanza kikatafsiriwa kwa Kiingereza. Ghafla dunia ikamjua. Mwaka 1960 Mfaransa Claude Lévi-Strauss aliandika makala ya kumsifu na kumkosoa, akisema ametenga umbo na maudhui. Propp alimjibu katika toleo la Kiitaliano la mwaka 1966, na jibu lake ni la mtu aliyeumia. Alieleza kwamba hakuanza na nadharia, alianza na ngano zenyewe, na kwamba vitabu vyake viwili ni nusu mbili za kazi moja. Alifariki Leningrad mwaka 1970, akiwa na miaka 75. Tangu hapo walimu wa filamu duniani wanaitumia orodha yake hata kwa hadithi ambazo mwenyewe hakuzigusa.

Sasa niseme kwa nini sikucheka.

Mwaka jana nilikuwa BTP, nafundisha Kiswahili kidato cha pili. Siku ya ngano nilitaka wanafunzi wasisinzie, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: MAMA WA KAMBO = ADUI. Darasa likachangamka, kila mtu anataja filamu. Binti mmoja wa dawati la tatu akaacha kuandika. Wenzake wakamgeukia wakicheka, maana walijua nyumbani kwao anaishi na nani. Kipindi kilichofuata hakunyoosha mkono hata mara moja.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba mimi mwenyewe nimelelewa na mama wa kambo. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tatu. Huyu aliyekuja baadaye ndiye aliyeuza cherehani yake nilipokosa ada ya kidato cha tano. Nilisimama mbele ya watoto 60 nikamwandika ubaoni kuwa adui, na mkono haukutetemeka, kwa sababu hadithi zote nilizokula tangu utotoni zilishaniandikia jibu.

Usiku ule nilirudi kwa Propp, safari hii nikamsoma kweli. Nikaona nilimfundisha kinyume. Kwake adui ni nafasi, ni kiti kitupu. Leo anakaa joka, kesho mchawi, keshokutwa ndugu wa damu. Anayeamua nani akalie ni msimulizi. Kipindi kilichofuata nikafuta, nikachora safu mbili: upande huu kazi, upande ule mhusika, nikawaambia wajaze wenyewe na wabadilishe watu. Wakamweka mama wa kambo kwenye msaidizi, kwenye mtoaji, mmoja akamweka kwenye shujaa. Yule binti alijaza jedwali lake kimya, kwenye adui akaandika jirani. Sijui kama alinisamehe. Angalau aliandika.

Na hili si la darasani tu. Filamu zetu zina watu wachache waliozoeshwa kukalishwa kiti hicho: mama wa kambo, mama mkwe, bibi kizee mwenye macho mekundu. Nchi hii, hasa Kanda ya Ziwa, imezika vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu ya moshi wa kuni yamewahi kuhesabiwa kuwa ushahidi. Filamu haikushika panga. Lakini kila tunapokikalisha kiti sura ileile, mtu anatoka na sura hiyo mpaka mtaani kwake.

Kwa hiyo Jumamosi ijayo msimzomee yule wa nyuma. Aseme: huyu adui, huyu mtoaji, huyu shujaa wa uongo. Akimaliza, mmoja wetu amuulize swali la pili, kwamba nani kamkalisha huyo hapo, na nani mwingine angeweza kukaa.

Mama nilimpigia simu nikamweleza yote, mpaka ubao. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama yule mtoto alirudi shule kesho yake. Nikamwambia alirudi.